Mwanangu anapunga mikono na kuyumba kutwa nzima. Nimzuie?

Assalaam aleikum ndugu washauri.

Nina mtoto wa kiume wa miaka 9, yuko darasa la pili. Alipokuwa na miaka 4 hospitali walituambia ana usonji. Maneno anayo machache: maji, chakula, twende, basi. Ninachotaka kuuliza ni hii miondoko yake. Akifurahi anapunga mikono yote miwili karibu na masikio, vidole vimekakamaa. Akikaa anayumba mbele na nyuma. Ana mfuniko wa sufuria ndogo ambao anauzungusha sakafuni, anauchungulia kwa pembeni mpaka usimame, kisha anauzungusha tena, hata saa nzima. Na huvumisha "mmmm" huku mdomo umefumbwa, hasa tukiwa sokoni au jirani akiwasha jenereta.

Shuleni mwalimu amemwambia aikalie mikono yake. Chuoni ustadhi humchapa vidole kwa sababu anawachekesha wenzake. Baba yake anaona aibu kwenda naye harusini. Mama mkwe anasema ni pepo, anataka mtoto afukizwe ubani. Shemeji naye alishauri tumfunge mikono kwa kanga jioni ili aisahau hiyo tabia. Tukamfunga. Kupunga kumepungua kweli, lakini sasa ameanza kujing'ata mkono wa kulia, juu kidogo ya kiganja. Pameota sugu, na juzi pametoka damu.

Naomba mnieleze: anahisi nini anapofanya hivi? Kwa nini afanye? Na je, nimzuie au nimwache?

Mama mwenye maswali, Tanga

*

Waaleikum salaam, mama.

Hiyo kanga msimfunge tena, hata leo jioni. Kung'ata huko kunaelekea si tabia mpya iliyozuka yenyewe. Mikono ilikuwa ikifanya kazi fulani, na ilipofungwa kazi ile ikahamia mdomoni. Mkiufunga na mdomo, huenda ikahamia kichwani, na kichwa kikianza kugongwa ukutani mtaitamani ile mikono. Kwa hiyo jibu letu ni kwamba umwache apunge, ayumbe na azungushe mfuniko wake. Kinachohitaji mkono wako ni kung'ata peke yake, na huko nako hakuzuiwi kwa nguvu, kunatafutiwa mbadala.

Turudi kwenye swali lako la kwanza, maana ni wachache wanaoliuliza. Miondoko hii, ambayo watu wenye usonji wenyewe huiita stimingi, imeelezwa vizuri zaidi na watu wazima wanaoifanya na wanaoweza kujieleza. Mwaka 2019 Steven Kapp na wenzake walichapisha utafiti uliowasikiliza watu wazima 32 wenye usonji. Walieleza kwamba miondoko huwatuliza pale hisia au mawazo yanapowazidi, na pia huwasaidia kuyatoa nje yaliyowajaa. Tiba zenye lengo la kuifuta miondoko hiyo walizipinga.

Mwilini mambo yako hivi. Mbali na macho, masikio, pua, ulimi na ngozi, kila mtu ana hisia nyingine mbili ambazo hatuzitaji sana. Moja ni ya mizani, iliyo ndani kabisa ya sikio, inayomjulisha mtu kama kichwa chake kimeinama au kinazunguka. Ya pili ni ya misuli na maungio, inayomjulisha mikono na miguu yake iko wapi hata akifumba macho. Kwa watu wengi wenye usonji, habari za hisia zote hizi huingia kwa kipimo kisicho sawa: nyingine kali mno, nyingine hafifu mno. Mtoto huyohuyo anaweza kuziba masikio kwa mlio wa jenereta, kisha ajigonge goti asigutuke. Ndiyo maana miondoko hufanya kazi mbili zinazoonekana kupingana. Mara inapunguza kilichozidi, mara inaongeza kilichopungua.

Sasa mtazame mwanao. Anapovumisha "mmmm" sokoni, anajitengenezea sauti yake mwenyewe, inayotetemesha taya na kifua, na ambayo yeye ndiye anayeianzisha na kuinyamazisha. Kelele za sokoni hazitabiriki, ila sauti yako mwenyewe unaijua kabla haijatoka, kwa hiyo haikushtui. Akiyumba mbele na nyuma, hisia ya mizani inapata mdundo uleule tena na tena, na mdundo wa namna hiyo hutuliza. Ndiyo sababu hata mtoto mchanga tunambembeleza kwa kumyumbisha. Ule mfuniko nao unampa macho yake kitu kinachokwenda kwa kanuni: unazunguka haraka, unayumba, mlio unabadilika, unalala. Kila mara mwisho ni uleule. Kwa mtu ambaye siku yake nzima imejaa mambo ya kushtukiza, hiyo ni raha halisi, na si lazima iwe na sababu nyingine zaidi ya kuwa raha.

Na kupunga mikono umesema mwenyewe: hufanya hivyo akifurahi. Wengi wenye usonji husema furaha inakuwa kubwa kuliko mwili, ikabidi itokee mikononi. Mtoto mwenye maneno manne ana njia chache za kukwambia "nimefurahi sana". Hiyo ni mojawapo, na inasikitisha kuona furaha ndiyo inayochapwa.

Wanaozuiwa nao wameeleza hali yake. Ni kama mtu aliyebanwa na kikohozi wakati wa hotuba ya Ijumaa: anafaulu kukizuia, lakini katika hotuba hakusikia hata neno moja, maana akili yote ilikuwa kooni. Mwalimu anapomwambia aikalie mikono anadhani amemsaidia kusikiliza, kumbe mtoto anatumia nguvu zake zote kukaa juu ya mikono. Akirudi nyumbani amechoka, kilichozuiwa tangu asubuhi kinalipuka kwa kilio au kung'ata. Kama unaona vurugu kubwa zaidi huja saa moja au mbili baada ya shule, sasa unajua zinakotoka.

Dhana kwamba miondoko lazima ifutwe ina historia yake. Daktari Leo Kanner, aliyeandika kuhusu watoto 11 wenye usonji huko Marekani mwaka 1943, aliitaja miondoko ya kurudiarudia kama sehemu ya hali hiyo. Baadaye, miaka ya 1960, mwanasaikolojia Ivar Lovaas na wenzake huko Los Angeles walishika wazo kwamba mtoto anayejishughulisha na mikono yake hafundishiki, wakaipiga vita, hata kwa makofi na umeme. Wazo hilo likasambaa mbali sana. Walioukulia mfumo huo ndio wanaoongoza leo kulipinga. Vigezo vya Marekani vya kutambua usonji, vilivyotolewa upya mwaka 2013, viliongeza jambo la hisia kuwa kali au hafifu kuliko kawaida, na hapo miondoko ikaanza kueleweka zaidi kwa kazi yake.

Sasa tuje kwenye kung'ata, kwa sababu damu imetoka.

Kwanza mpeleke zahanati au kituo cha afya, aangaliwe mambo manne: meno, masikio, tumbo na homa. Mtoto asiyeweza kusema "jino linauma" huweza kujing'ata au kujigonga karibu na panapouma, au kujitia maumivu anayoyamudu ili kuyafunika asiyoyamudu. Mwambie mhudumu ni siku ngapi hajapata choo, kwani kufunga choo ni jambo la kawaida sana kwa watoto wenye usonji na mara nyingi husahauliwa. Simamia uchunguzi huo hata kama kanga inaonekana ndiyo sababu ya wazi, maana sababu mbili zinaweza kuja pamoja. Kidonda chenyewe osha kwa maji safi na sabuni, kausha, funika kwa bandeji nyepesi. Wekundu ukisambaa, pakivimba, usaha ukitoka au homa ikipanda, rudi siku hiyohiyo. Jeraha la meno ya binadamu huoza haraka.

Pili, tafuta mbadala unaotoa hisia ileile. Hapa ndipo wengi hukosea. Mtoto anang'ata, wanampa mpira wa kuminya mkononi, wanashangaa haupokei. Anachotafuta ni mgandamizo wa taya, kwa hiyo mbadala lazima upite kwenye taya. Kwa chakula, mpe vitu vigumu vya kutafunwa: kipande cha muwa kilichomenywa, nazi iliyokomaa, karoti mbichi iliyokatwa kwa urefu na si kwa miduara. Mpe akiwa ameketi wima na wewe ukiwapo, na kama humeza bila kutafuna vizuri, achana na karoti na nazi. Wakati mzuri ni kabla ya saa ngumu, kwa mfano dakika kumi kabla ya kwenda chuoni.

Kwa saa nyingine, msukie kitu cha kutafuna. Chukua kanga kuukuu ya pamba iliyofuliwa mara nyingi, chana vipande vitatu vyenye upana wa sentimita 4 na urefu wa sentimita 40, visuke kwa kubana, kisha funga fundo kubwa kila mwisho. Tengeneza mitatu ili mmoja ukichemshwa, mwingine uwe unakauka. Usiuning'inize shingoni, unaweza kumnyonga. Uzungushie mkanda wa kaptula. Ukianza kutoa nyuzi, tupa. Mpira wa bomba, ndala na vifuniko vya plastiki visitumike, kwa kuwa hukatika vipandevipande kooni. Ukipata vya kutafuna vya silikoni vilivyotengenezwa kwa kazi hiyo, ni bora zaidi, ila uwe na subira: kitu kipya huweza kukataliwa wiki nzima. Kiweke karibu na mfuniko wake, akizoee bila kulazimishwa.

Akianza kung'ata, usipige kelele wala usimvute mkono. Ukiuvuta huku meno yameshika, ngozi inachanika. Sogea taratibu, mguse taya kwa ule msuko, punguza kelele zilizopo, na ukae kimya. Siku akijigonga kichwa, weka mto au kiganja chako kati ya kichwa na ukuta.

Tatu, mpe misuli yake kazi nzito kabla ya muda wa kukaa. Kubeba ndoo iliyojazwa nusu (lita 5 hivi kwa mtoto wa umri wake), kusukuma ukuta kwa viganja na kuhesabiwa mpaka ishirini, kukamua nguo nzito. Dakika tano hadi kumi zinatosha kujua kama zinamfaa. Wako wanaotulia sana kwa mgandamizo. Temple Grandin, mwanasayansi wa mifugo wa Marekani mwenye usonji, alijitengenezea mashine ya kumbana mwili mzima akiwa bado kijana. Wengine hawataki hata kuguswa. Kama wako hupenda kubanwa, mshonee mfuko wa kuweka mapajani: kitambaa cha jinzi, mchele kilo 1, mshono mara mbili, na ugawe vyumba vinne kwa cherehani ili mchele usikimbilie upande mmoja. Usiujaze pomoni, ukiwa mgumu unateleza na kuanguka. Ukae mapajani dakika 15 au 20, kisha utolewe, na yeye aweze kuutoa mwenyewe wakati wowote. Usimlaze nao.

Pamoja na hayo, shika daftari kwa wiki mbili. Kila miondoko inapokuja kwa nguvu, andika saa, mahali, kilichotangulia, alichofanya, uso wake ulivyokuwa, na kilichomaliza. Usiandike "alikuwa msumbufu". Andika "saa 10 jioni, feni ya chuoni inalia, alivumisha kwa nguvu, akaziba sikio la kushoto". Baada ya wiki mbili utaanza kutofautisha mpungo wa furaha na mpungo wa kuelemewa. Kwa wengi ule wa pili huwa wa kasi zaidi, mwili umekaza na uso haucheki, lakini mwanao ana alama zake. Ukishazijua, unaondoa kilichomwelemea na kuiacha mikono.

Kwa chuo, tunakuomba umwone ustadhi kwa adabu, ikiwezekana na baba mtoto, na ukumbushe jambo analoliona kila siku: wanafunzi wake wenyewe huyumba mbele na nyuma wanapohifadhi, na hakuna anayewachapa, kwa kuwa anajua kuyumba kunawasaidia. Mwanao anafanya jambo la jamaa moja na hilo. Akipangiwa mwisho wa mstari, karibu na ukuta na mbali na kipaza sauti, hata hao wenzake watakuwa na machache ya kuchekea. Fimbo ya vidole ikomeshwe. Mtoto hajifunzi kutulia kwa woga, anajifunza kujificha.

Shuleni mfuniko wa sufuria utasumbua kweli, hilo tunakubali. Mpe badala yake kifungo kikubwa cha koti chenye matundu mawili: pitisha uzi imara wa mita 1, funga ncha, akivuta huku na huku kifungo kinazunguka katikati. Macho yanapata mzunguko uleule na meza haipigi kelele. Usitumie kizibo cha soda kilichobondwa, ukingo wake unakata. Na mwalimu amtume kila baada ya dakika 20 hivi: afute ubao, apeleke madaftari. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inamtambua mtoto huyu kuwa na haki ya elimu kama wengine, kwa hiyo huombi fadhila.

Mama mkwe mheshimu, na umwachie nafasi ya kumwombea mjukuu wake. Dua ya sauti ya chini haimdhuru, na huenda akaupenda mdundo wake. Moshi wa ubani katika chumba kilichofungwa ni jambo jingine: kwa mtoto mwenye pua kali unaweza kuwa mateso, na akipiga kelele itasemwa pepo amepanda. Mweleze bibi kwamba usonji ni namna ubongo ulivyoumbika tangu mwanzo. Baba naye apewe sentensi moja ya kusema harusini, maana aibu nyingi hutokana na kukosa la kujibu: "Ana usonji, akipunga hivi ndiyo amefurahi." Kisha wakae ukumbi wa nje, mbali na spika, na waondoke mapema.

Jambo moja la hatari ulijue. Kifafa huwapata watu wenye usonji zaidi kuliko wengine, na aina fulani hufanana na miondoko. Mwenye stimingi ukimwita au ukimgusa bega, kwa kawaida hugeuka au hubadili mwendo hata kidogo. Ukiona amekodoa macho, haitiki hata ukimgusa, kope au mdomo unachezacheza, kisha anachanganyikiwa au anasinzia, mrekodi kwa simu dakika moja na umpelekee daktari hiyo video. Akianguka na kukakamaa, mlaze ubavu, usimtie kitu mdomoni, tazama saa. Ikipita dakika 5, hospitali mara moja.

Hospitali ya rufaa ya Bombo hapo Tanga unaweza kuomba rufaa ya mtaalamu wa tiba kwa vitendo, yaani anayepima jinsi mtoto anavyotumia mwili na hisia zake katika shughuli za kila siku. Nenda na daftari lako. Akikuahidi kwamba atamfanya aache kupunga, muulize kwanza anadhani mtoto anapunga kwa nini.

Na hii hapa barua fupi ya mwalimu, unaweza kuinakili kwa mkono wako:

"Mwalimu, shikamoo. Mwanangu ana usonji. Kupunga mikono, kuyumba na kuvumisha sauti humsaidia kutulia na kusikiliza. Naomba asiikalie mikono wala asichapwe kwa ajili hiyo. Naomba akae mwisho wa mstari karibu na ukuta, na atumwe kazi ndogo ya kutembea kila baada ya dakika 20. Mfukoni ana kifungo chenye uzi, na kwenye mkanda ana msuko wa kutafuna, tafadhali asinyang'anywe. Akianza kujing'ata, mpe msuko huo, mtoe nje penye kimya, na unipigie simu. Namba yangu iko nyuma ya karatasi hii."